Shajara ya Kiti Kinachochoma: Kukiandaa Kiti cha Pikipiki kwa Msimu wa Joto

Siku ya 1: kupima kabla ya kukata

Kwa misimu miwili ya joto nimekuwa nikijiuliza kwa nini safari ya saa moja kwa pikipiki hunichosha kuliko kazi ninayoiendea. Dakika ishirini za mwanzo huwa shwari. Kuanzia ya thelathini naanza kuhamia upande huu na upande ule, na ifikapo ya arobaini nasimama juu ya vikanyagio kila penye nafasi ili upepo upite chini yangu japo kidogo. Nikishuka, suruali imegandamana na ngozi, na juu ya kiti limebaki umbo la makalio lililochorwa kwa jasho. Nimeamua kulishughulikia jambo hili kwa utaratibu, na shajara hii ni kumbukumbu ya nilichofanya pamoja na nilichokiharibu.

Kiti chenyewe ni kile kirefu cha watu wawili ambacho pikipiki nyingi ndogo hutoka nacho kiwandani. Chini kuna kitako cha plastiki ngumu, katikati kuna sponji ya poliyurethani, na juu kuna kava jeusi la ngozi bandia lililovutwa na kubanwa kwa pini za stepla upande wa chini. Injini ni ya silinda moja, inayopozwa na upepo, nayo imekaa karibu chini kabisa ya pua ya kiti.

Leo sikufungua kitu, nilipima tu. Kipimajoto changu ni cha kulenga, kile kinachosoma joto la uso wa kitu bila kukigusa. Kivulini hewa ilikuwa na nyuzi 34 za Selsiasi. Pikipiki niliyoiacha juani kwa saa moja na nusu ilikuwa na nyuzi 67 juu ya kava, na hapo mtu aliyevaa kaptula hakai kwa hiari yake. Kipimo hicho hakikunishangaza, kwa sababu jua la mchana usio na mawingu humwaga karibu wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba, na kava jeusi humeza sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Kilichonishangaza ni kipimo cha pili. Baada ya kuendesha kwa dakika arobaini nilisimama, nikashuka haraka na kulenga pale pale nilipokuwa nimekaa, na kipimajoto kikaonyesha nyuzi 37. Yaani wakati ninaoteseka zaidi, kiti hakina moto unaouzidi mwili wangu.

Nimezitafakari namba hizo mbili jioni nzima. Kiti kilichoanikwa juani huunguza kweli, lakini adha hiyo hupungua dakika chache baada ya kukaa. Adha inayodumu ni ya jasho lisilo na pa kwenda. Mwili hautoi joto kwa kulowa. Hutoa joto jasho linapokauka, na gramu moja ya jasho ikikauka huondoka na joto la takriban joule 2,400, kwa hiyo gramu moja tu kwa kila dakika ni sawa na kuondolewa wati 40 mfululizo. Chini ya makalio hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu ngozi bandia haipitishi mvuke na suruali iliyokwisha kulowa haina pa kuupeleka. Jasho hubaki majimaji, ngozi hulainika kama ya mtu aliyekaa majini muda mrefu, msuguano huongezeka, na mishono ya nguo ya ndani huanza kukata. Naliandika hili mapema ili nisije nikajisahau nitakapoanza kuona vitu vya kununua: kazi yangu kubwa ni kumpatia mkaaji njia ya hewa, na kukipoza kiti ni kazi ndogo inayofuata.

Siku ya 3: mshukiwa aliye chini

Kabla sijaendelea, ilinibidi nimchunguze mshukiwa mwingine, yaani injini. Mara tu baada ya safari nilikifungua kiti kwa ufunguo, nikakigeuza na kupima kitako chake upande wa chini. Nyuma kulikuwa na nyuzi 41, na puani, juu ya silinda, nyuzi 58. Hata hivyo sponji iliyojaa hewa ni kihami kizuri, na sentimita sita au saba za sponji hiyo huchelewesha sana joto lisifike juu. Nilipoweka mkono kando ya pua ya kiti wakati injini inanguruma pikipiki ikiwa imesimama, nilielewa: joto ninalolihisi mapajani halipenyi kwenye kiti, bali hupanda kandokando yake pamoja na hewa ya moto.

Hapo nikafanya kosa la kwanza. Nilibandika karatasi ya alumini chini ya pua ya kiti, nikaenda mwendo ule ule, nikarudi na kulenga. Nyuzi 35! Nilifurahi kiasi cha kutaka kuifunga shajara hii siku hiyo hiyo, kisha nikaigusa ile karatasi kwa kidole na kukirudisha kidole upesi. Alumini inayong'aa hutoa mionzi michache sana ya joto lake yenyewe, na kipimajoto cha kulenga husoma zaidi mwangwi wa vitu vinavyoikabili kuliko joto la alumini. Nilibandika juu yake kipande cha utepe mweusi wa umeme, nikasubiri kishike joto, nikakilenga: nyuzi 54. Kutoka 58 hadi 54 ni faida ndogo, na sababu yake naiona. Mng'ao huzuia joto linalokuja kwa mionzi tu, lakini hewa ya moto inayopanda na kukigonga kitako haijali mng'ao. Kinga ya kweli itahitaji bamba lililotengana na kitako, na nafasi ya upepo kupita katikati. Nitalirudia baadaye.

Jambo jingine la kuandikwa hapa ni kwamba alumini hupitisha umeme. Katika pikipiki yangu betri iko chini ya kiti hicho hicho, kwa hiyo nilikata karatasi ile mbali na vichwa vya betri na kuzibana kingo zake zote zisining'inie.

Siku ya 6 na ya 7: jeli, kisha sponji inayokumbuka umbo

Nimeazimwa mto wa jeli. Dakika kumi za mwanzo niliamini kwamba nimepata dawa, kwa maana ulikuwa baridi hasa. Jeli ni nzito na huhitaji joto jingi ili ipande nyuzi moja, hivyo ilikuwa ikinyonya joto langu. Baada ya kama robo saa ilishiba, ikawa na joto la mwili, na kuanzia hapo ikawa ngozi bandia ya pili juu ya ile ya kwanza. Nilipoiacha juani ilifika nyuzi 61, na tofauti na kava tupu, ilikataa kupoa: dakika kumi za safari baadaye bado niliihisi chini yangu. Jeli ina tabia ya chungu cha udongo, kwamba huchelewa kupata moto na ikishaupata huchelewa kuuachia. Anayeegesha kivulini na kwenda mwendo mfupi huenda ikamfaa. Mimi naegesha juani.

Sponji inayokumbuka umbo ilibuniwa mwaka 1966 katika mradi wa NASA wa mito ya viti vya ndege, na kwa godoro ni kitu kizuri. Tatizo lake kwangu ni kwamba hulainika kadiri inavyopata joto. Asubuhi ilinibeba vizuri. Mchana nilizama hadi nikakihisi kitako cha plastiki. Kuzama huko kulinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kadiri kiti kinavyokuwa laini ndivyo kinavyoukumbatia mwili, na kila eneo linalokumbatiwa ni eneo lililonyimwa hewa. Nilianza mradi huu nikitafuta ulaini, na sasa naona kwamba wakati wa joto ulaini uliozidi ni sehemu ya ugonjwa.

Siku ya 9: wavu

Nilikuwa na begi kubwa la mgongoni lililochakaa, na upande wake unaogusa mgongo una kile kitambaa kinene cha wavu ambacho si kitambaa kimoja. Ukikikata na kukitazama ubavuni utaona tabaka mbili za matundu, na katikati yake maelfu ya nyuzi ngumu zilizosimama wima kama mabua shambani. Nilikibana midomoni na kupuliza, pumzi ikatokea ubavuni bila kizuizi. Nilikikandamiza kwa dole gumba. Kikabonyea hadi karibu nusu, kisha kikarudi. Kama mwili wangu utakaa juu ya nyuzi hizo bila kuzilaza kabisa, hewa itapita chini yangu muda wote ninaokwenda.

Nilitafuta kipande kipya cha aina hiyo chenye unene wa milimita 10, nikakikata kwa umbo la nafasi ya dereva na kukifunga kwa lastiki mbili zilizopita chini ya kiti. Safari ya kwanza iliishia kwenye kizuizi cha kwanza cha mwendo. Niliposhika breki, wavu uliteleza juu ya ngozi bandia pamoja nami, nikajikuta nimelikumbatia tangi. Kitu kinachoteleza chini ya dereva ni hatari hata kama kinaleta raha, kwa hiyo nilirudi nyumbani polepole na siku hiyo sikuendelea tena. Suluhisho lilikuwa vipande viwili vya mpira mwembamba vilivyoshonwa chini ya wavu ili ving'ang'anie kava, na mikanda isiyovutika badala ya lastiki, iliyopishana chini ya kitako. Ncha za mikanda nilizikata na kuzishonea ndani, kwa sababu moja ilikuwa ikining'inia karibu na mnyororo, na mnyororo ukishadaka mkanda haubembelezwi.

Safari ya pili ilikuwa ya dakika hamsini. Suruali ilipata unyevu lakini haikulowa chapachapa, na niliposimama juu ya vikanyagio kwa nusu dakika nilihisi ubaridi wa jasho linalokauka, jambo ambalo sikumbuki kulihisi mahali hapo tangu nianze kuendesha.

Kisha nikaianika pikipiki tena juani na kupima. Wavu mweusi ulionyesha nyuzi 66, karibu sawa kabisa na kava jeusi la siku ya kwanza. Niliweka kiganja juu yake nikitarajia maumivu, na hayakuja. Vitu viwili vyenye joto sawa haviunguzi sawa, kwa kuwa kinachoiunguza ngozi ni kiasi cha joto kinachoingia na kasi yake. Chuma chenye nyuzi 60 huunguza kwa sekunde chache, kwa sababu kina joto jingi la kutoa na hulitoa upesi. Uzi mwembamba wa wavu umebeba joto kidogo mno. Ukiguswa humaliza akiba yake, na nyuma yake kuna hewa, ambayo haina haraka ya kuleta nyingine. Tangu leo namba ya kipimajoto nitaisoma pamoja na kiganja changu.

Siku ya 10

Nimejaribu pia vitandiko vya shanga za mbao, vile ambavyo madereva wa magari hutandika. Hewa inapita vizuri kupita kiasi cha kulalamika, lakini kwenye kiti chembamba shanga hujikusanya chini ya mifupa, na barabara mbovu huzigeuza kuwa nyundo. Ngozi ya kondoo yenye manyoya ilinishangaza kwa wema. Sufu huweza kunyonya unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla haijahisiwa kuwa imelowa, na juani haiunguzi, kwa sababu ile ile ya wavu. Inashindwa na mvua: ikishalowa hasa hukaa siku nzima bila kukauka. Nimeirudisha kwa mwenyewe na kubaki na wavu.

Siku ya 13: kukifungua kiti

Wavu umethibitisha hoja, lakini umekaa juu ya kiti kibovu na umeniongezea kimo cha karibu sentimita moja, nami tayari nagusa chini kwa vidole. Leo nimekifungua.

Pini za stepla zilikuwa zimeshika kutu, na nyingi zilikatika nilipozichokonoa kwa bisibisi bapa, ikabidi vichwa vilivyobaki nivitoe kimoja kimoja kwa koleo. Kazi hiyo ilikula saa mbili. Kava lilipoachia, harufu ilinifikia kabla macho hayajaona kitu. Niliikandamiza sponji kwa ngumi chini ya mshono wa katikati, maji ya rangi ya chai yakatiririka hadi sakafuni. Mvua ya mwisho ilikuwa wiki tatu nyuma. Maji huingia kupitia matundu ya sindano kwenye mishono, sponji huyanywa, na kava lisilopitisha mvuke huyafungia humo; jua likiwaka, maji hayo hupanda na kushuka ndani ya kiti kana kwamba kuna sufuria iliyofunikwa. Sehemu ya unyevu niliokuwa nikiulaumu mwili wangu huenda ilitoka humu.

Niliiweka sponji kivulini kwenye upepo, imesimama kwa ubavu. Ilichukua siku mbili kamili kukauka.

Siku ya 15 na ya 16: sponji

Sponji ilipokauka, kasoro yake nyingine ilionekana wazi. Mahali pa dereva palikuwa pamechoka, na ngumi ikikandamiza inafika hadi kwenye plastiki. Nilikwenda na kipande chake kwa fundi wa viti anayenishonea kava.

"Fundi, nataka sponji laini zaidi hapa."

Aliibonyeza ile ya zamani, akanitazama. "Bosi, hii imekushinda kwa sababu ni laini. Nikikuwekea laini zaidi utazama, na ukizama utachemka."

Alikuwa amefikia kwa mikono yake kile nilichokifikia kwa kipimajoto na mto wa kuazima. Alinishauri sponji "nzito", na ilinibidi nimwulize zaidi, kwa kuwa neno hilo hubeba mambo mawili. Uzito wa sponji, unaopimwa kwa kilo katika mita ya ujazo, hueleza zaidi itadumu muda gani kabla ya kuchoka. Ugumu wake, yaani nguvu inayohitajika kuibonyeza, ni kipimo kingine kabisa. Ipo sponji nyepesi iliyo ngumu, na ipo nzito iliyo laini. Nilichukua iliyo nzito na ngumu kiasi, ya milimita 30, ambayo nikiikalia ilibonyea takriban theluthi moja ya unene wake.

Ili kujua pa kuiweka nilikalia kipande cha boksi la karatasi kilichowekwa juu ya ngazi ngumu, nikainua miguu kidogo na kusubiri dakika moja. Mifupa miwili ya kukalia iliacha mashimo mawili, na katikati ya shimo moja hadi jingine palikuwa na sentimita 12. Niliihamishia alama hiyo kwenye sponji kwa kalamu ya wino mzito, nikachora mstatili unaozidi alama kwa sentimita tano kila upande, nikauchimba kwa kisu kirefu cha meno cha kukatia mkate. Kisu cha kawaida huivuta sponji na kuirarua. Chenye meno, kikipelekwa kwa mikupuo mirefu bila kukandamiza, hukata safi.

Gundi nilipaka pande zote mbili, nikasubiri hadi isinase kidole, ndipo nikaviunganisha, nikijua kwamba vikigusana hakuna kusogeza tena. Sehemu ya chini nilipaka kamili, lakini kingo za juu niliziacha bila gundi kwa upana wa kidole, kwa sababu gundi iliyokauka huwa mgongo mgumu ambao makalio huutambua baada ya nusu saa.

Baada ya hapo nilishusha kimo cha nafasi ya dereva kwa milimita 15, ili wavu na kava jipya vikija kukaa juu miguu yangu ifike chini kuliko mwanzo. Kulainisha umbo nilitumia msasa wa chembe kubwa kwenye mashine ya kuzungusha, nikiwa nimevaa barakoa na miwani, maana vumbi la sponji ni jepesi na huingia kila mahali. Nilishika kwa mkono mwepesi na kuinua mashine kila baada ya sekunde chache. Mara moja nilikawia, na msasa ukachimba bonde la kina cha kidole ambalo ilinilazimu kulijaza kwa kipande na gundi. Pua ya kiti niliipunguza upana ili mapaja yasibanwe na hewa ipite kati yake na tangi. Mwisho nilichimba mfereji wa katikati wenye upana wa sentimita nne na kina cha mbili, ukikimbia kutoka karibu na pua hadi mwisho wa nafasi ya dereva. Mfereji huo unaondoa shinikizo mahali ambapo hakuna mfupa wa kulibeba, na wavu utakaopita juu yake hautakandamizwa sana, kwa hiyo utabaki wazi hata pale utakapolala kwingineko.

Siku ya 17 na ya 18: kava

Nilichagua ngozi bandia ya kijivu kilichopauka. Nyeupe kabisa ingerudisha jua zaidi, lakini huchafuka kwa siku moja na hung'aa machoni. Mishono tuliiweka ubavuni tu. Sehemu yote ya juu ni kipande kimoja kisicho na tundu la sindano. Chini ya kava, juu ya sponji, nilitandika karatasi nyembamba ya nailoni ili maji yatakayopenya ubavuni yasiifikie sponji.

Kabla ya kulivuta, nililianika kava juani kwa dakika ishirini, na hapo jua lilinisaidia kwa mara ya kwanza katika mradi huu, kwa kuwa ngozi bandia ikipata joto hulegea na kufuata umbo bila mikunjo. Nilianza kubana puani, nikafuata mkiani, kisha ubavuni kutoka katikati kwenda pembeni, kushoto na kulia kwa zamu. Pini za kwanza zilikuwa za milimita 10, na kadhaa zilitokeza upande wa pili wa plastiki, tayari kulitoboa kava jipya kutoka ndani. Nilizing'oa zote na kutumia za milimita 6, za chuma kisichoshika kutu.

Wavu alioshona fundi ulirudi ukiwa mzuri wa kutazama, umezungushiwa utepe wa ngozi bandia pande zote nne. Niliukalia kilomita thelathini nikijiuliza kwa nini haufanyi kazi kama kile kipande changu kibovu. Niliupeleka mdomoni nikapuliza: pumzi haikutoka. Utepe ule ulikuwa umeziba kingo, na kwa kitambaa cha aina hii kingo ndizo madirisha. Kosa lilikuwa langu, kwani sikumweleza. Tulifumua utepe wa mbele na wa nyuma, tukazishona kingo hizo kwa uzi mtupu ili zisifumuke, na ule wa ubavuni tukauacha uendelee kushika umbo.

Siku ya 20: kinga ya chini

Nilikata bamba jembamba la alumini kwa upana wa pua ya kiti, nikalifunga kwenye mashimo yaliyokuwapo ya fremu kwa bolti na vipande vya bomba vinavyoliacha mbali na kitako kwa milimita 15. Nilihakikisha kwamba haligusi waya, halizibi mdomo wa kichujio cha hewa, na kwamba kufuli la kiti linajifunga hadi mlio wake usikike. Kipimo cha puani, kikichukuliwa juu ya plastiki isiyong'aa, kimeshuka kutoka nyuzi 58 hadi 46. Mapajani tofauti ipo lakini si kubwa, kwa sababu hewa ya moto ingali inapanda kandokando, na pikipiki ikiwa imesimama kwenye foleni hakuna bamba litakaloizuia.

Wiki ya 5

Kwa siku inayofanana na ile ya kwanza, nyuzi 34 kivulini na saa moja na nusu juani, kava la kijivu limeonyesha nyuzi 52 badala ya 67. Wavu juu yake umeonyesha 63, na bado unakalika mara moja. Nikienda mbali na pikipiki huifunika kwa kitambaa cheupe, ambacho hukunjwa na kuingia mfukoni, na kwa jambo hili moja kimefanya kazi kubwa kuliko rangi ya kava.

Safari ndefu zaidi hadi sasa ni ya saa mbili na dakika kumi. Nilianza kuhamahama baada ya saa moja na robo, na sababu yake ilikuwa mgongo. Mvua ilininyeshea mara mbili. Nilipofika niliuvua wavu, nikaukung'uta kwa nguvu mara tano, nikaurudisha, na kava la chini nikalifuta kwa kitambaa. Nilikigeuza kiti na kupachunguza ubavuni kwenye mishono. Pakavu.

Bado suruali ina neno lake. Kwa suruali nzito ya pamba wavu hupoteza karibu nusu ya faida, kwa kuwa pamba hushika jasho na kulikalia. Kwa kitambaa chepesi cha michezo kilichovaliwa chini ya suruali ya kuendeshea, chenye mishono bapa, mambo ni tofauti kabisa.

Wiki ya 8

Wavu umeanza kulala chini ya mifupa miwili. Nimepima kwa rula ubavuni: milimita 10 zimekuwa 7 mahali hapo, ilhali juu ya mfereji bado ni 10. Nimeugeuza mbele nyuma ili mzigo uangukie sehemu mpya, na nimeagiza kipande kingine chenye nyuzi ngumu zaidi.

Mke wangu, ambaye husafiri nyuma, alikaa wiki zote hizi juu ya sponji ya zamani, bila wavu, na bila kusema neno. Jana alishuka, akaugusa wavu wa mbele kwa kiganja, kisha kava tupu la nyuma, akauliza kama mradi huu una sehemu ya pili. Kesho naanza kung'oa pini za nyuma.